Nisubiri mpaka lini? Jibu kwa muuza maandazi wa Ngamiani

*“Nina miaka 31, mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani, Tanga. Nina miezi 14 tangu nianze kuuza chai, maandazi na mbaazi barazani, mtaji ulikuwa 350,000. Siku nzuri nauza 55,000, siku mbaya 28,000. Mbaazi huisha kabla ya saa 2, lakini maandazi hubaki. Mwaka jana nilikwenda msibani Lushoto wiki tatu. Baadaye nikajaribu chipsi za jioni kwa miezi mitatu, asubuhi nikawa nachelewa kufungua. Ramadhani nilifunga baraza mwezi mzima. Tangu Idi nimerudi kwenye chai, huu ni mwezi wa nne, na mwezi uliopita nimeongeza juisi. Rafiki yangu aliyeanza nyuma yangu ameshafungua sehemu ya pili. Mume wangu anasema niache, nifungue uwakala wa pesa. Kuna kampuni inakopesha 300,000, unarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Kila ninayemuuliza ananiambia subira yavuta heri. Nisubiri mpaka lini? Usiku silali.”*

Dada yangu, pole na kazi ya kuamka saa 10 alfajiri huku usiku wenyewe hukuulala. Umeandika kwa tarakimu, na hilo limenisaidia kukujibu kuliko unavyodhani. Wengi huniandikia “biashara haiendi” wakaishia hapo.

Unavyouliza, naona hofu yako ni kwamba umeshangoja vya kutosha na heri haijaja, kwa hiyo ama wewe hufai ama biashara haifai. Kabla ya kufika huko, tuhesabu upya huo muda. Miezi 14 ni umri wa baraza lako, lakini mteja hahesabu hivyo. Yeye alikukuta, akakukosa wiki tatu, akakukuta tena, akaja asubuhi akaambiwa chai bado kwa sababu usiku ulikuwa kwenye chipsi, akapitiwa na Ramadhani, ndipo akakuona tena baada ya Idi. Kwa hesabu ya mteja, biashara yako ina miezi minne. Sikulaumu. Msiba ni msiba, na hakuna mshauri mwenye akili atakayekwambia ungebaki na sufuria wakati wenzako wanazika. Nataka tu usiihukumu biashara ya miezi minne kana kwamba ni ya miezi 14.

Hao wanaokwambia “subira” hawajakosea. Ila wanavyoisema, unaweza kuielewa kuwa ni kukaa na kungoja. Mimi kwa kazi yangu ya kukaa na wafanyabiashara wadogo nimeona subira inafaa mahali pamoja tu: pale ambapo kila sahani inayotoka inaacha kitu. Kama sahani haiachi kitu, kuvumilia ni kuongeza hasara siku hadi siku. Kwa hiyo swali la “mpaka lini” linatanguliwa na swali la “andazi moja linaniachia nini?” Tuanzie hapo.

Chukua kilo moja ya unga wa ngano. Bei nitakazoweka ni za mfano, wewe weka zako za dukani kwenu. Unga 2,000, sukari 400, nazi 1,000, hamira na iliki 200, mafuta 700, mkaa 500. Jumla 4,800. Ukitoa maandazi 28 ya 200 unapata 5,600, faida ni 800. Sasa angalia: 800 ni bei ya maandazi manne. Yakibaki manne, faida yote imebaki nayo kwenye beseni. Watoto wakichukua mawili ya kwenda nayo shule na jirani akaonja mawili, ni hivyo hivyo. Na kama unakata kwa macho, leo makubwa kesho madogo, siku ya makubwa ukatoa 24 badala ya 28, umeuza 4,800. Umeamka alfajiri, umekaa kwenye moshi, umerudisha pesa yako ileile.

Mbaazi je? Kilo 2,500, nazi mbili 2,000, kitunguu na viungo 500, mkaa 1,000, jumla 6,000. Ukipakua sahani 22 za 500 ni 11,000, faida 5,000. Sahani moja inakuachia zaidi ya 220, wakati andazi halifiki hata 30.

Umeona kilichojificha kwenye barua yako? Umesema mbaazi huisha kabla ya saa 2 na maandazi hubaki. Ukaongeza juisi. Mimi nasoma sentensi hiyohiyo nikaona mteja anakwambia jambo kila siku kwa mwezi wa nne sasa: andazi ndilo linalomleta, mbaazi ndizo zinazokulipa, na zinapoisha anaondoka, andazi lako unabaki nalo. Fundi wa gereji anayekuja saa 2 na nusu hataki andazi kavu. Anakwenda kwa mwingine, na huko anakula vyote viwili. Tuseme wako kumi tu wanaokosa sahani kila asubuhi. Ni faida ya kama 2,270 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni karibu 59,000 kwa mwezi. Mkopo hauhitajiki hapo. Kinachohitajika ni nusu kilo ya mbaazi ya kuongeza na sufuria ya kuzitosha.

Kuhusu juisi, sisemi ni mbaya. Nasema imekuja kabla ya wakati wake. Inataka barafu, sukari, mtu wa kuosha glasi, na zaidi ya yote inataka akili yako saa ileile ambayo mbaazi zinaisha. Isimamishe kwanza, fanya hesabu yake kama tulivyofanya ya andazi, na uamuzi wake tutaurudia baadaye.

Sasa nieleze kwa nini biashara ya chai hukua polepole namna hii hata ikifanywa vizuri, maana ukilijua hili usingizi utarudi kidogo. Mtu anayekunywa chai nje hachagui upya kila asubuhi. Dereva wa bodaboda, mwalimu, fundi, wote wana njia yao na wana mahali pao, na miguu inawapeleka bila kufikiri. Kumtoa mtu kwenye mahali pake ni kazi. Anakuja kwako siku moja kwa bahati, labda kwake pamefungwa. Akikuta chai ya moto saa 12 na nusu, anakumbuka. Akirudi akakuta vilevile, mara ya tatu, ya nne, ndipo anahama. Na akikukosa siku moja tu katika hizo za mwanzo, anarudi alikotoka na hutamwona tena, wala hatakwambia.

Nikupe mfano wa namba. Tuseme kila wiki watu kumi wapya wanaonja kwako, na mmoja tu anakuwa wa kudumu. Tuseme pia kila mwezi wawili kati ya wa kudumu wanahama au wanakuacha. Baada ya miezi mitatu umepata 13, umepoteza sita, wamebaki saba. Saba! Hata macho hayaoni, na ndipo wengi hukata tamaa. Lakini kwa mwaka umepata 52, umepoteza 24, unao 28. Kila mmoja akila maandazi mawili, chai ya 300 na mbaazi ni 1,200, kwa hiyo hata wakija nusu yao tu kwa siku ni 16,800 juu ya unachouza sasa.

Halafu badilisha kitu kimoja. Chai ileile, baraza lilelile, ila leo umefungua saa 12 na kesho saa 2, leo mbaazi zina nazi na kesho ni maji, basi badala ya wawili wanaondoka wanne kwa mwezi. Mwisho wa mwaka umepata 52 na umepoteza 48. Umebaki na watu wanne. Jasho ni lilelile. Ndiyo maana nikikaa na mtu kama wewe simuulizi kwanza atapataje wateja wapya, namuuliza wale aliowapata wamekwenda wapi. Wale watu waliokunywa chai yako kabla hujaenda Lushoto, wangapi bado wanakuja? Wataje kwa sura. Jibu lako litakuonyesha zaidi kuliko mauzo ya siku.

Kuna jambo jingine watu hulielewa vibaya, kwamba kutobadilika maana yake ni kufanya kitu kilekile mwaka mzima hata dunia ikigeuka. Hapana. Ramadhani ya Tanga si mwezi wa kuuza chai asubuhi, uko sahihi kutowasha jiko alfajiri. Lakini hukuwa na sababu ya kupotea mwezi mzima. Baraza lako linajulikana, mkono wako unajulikana. Saa 10 jioni watu haohao wanapita wakitafuta cha kufuturu: mkate wa kumimina, kalimati, tambi, mbaazi zako zilezile. Saa inabadilika, mahali na ladha havibadiliki. Na ukilazimika kuondoka, kama ilivyokuwa msibani, andika kwenye kipande cha boksi siku utakayorudi, na urudi siku hiyo. Au mtafute binti wa jirani unayemwamini, mfundishe walau chai na mbaazi sasa, wakati hakuna dharura, ili baraza lisifungwe kabisa.

Niseme langu pia, kwa sababu nililipa ada ya somo hili. Miaka mingi nyuma nilifungua duka dogo la vifaa vya shule Muheza. Nilianza mwezi wa tatu, nikauza kidogo, nikavumilia, nikachoka, nikafunga mwezi wa kumi na moja. Wiki chache baadaye shule zikafunguliwa Januari, na wazazi wakawa wanapita mbele ya mlango uliofungwa wakienda kununua madaftari kwa jirani. Nilikuwa nimebeba miezi yote mikavu nikauacha ule mmoja wa mavuno. Tangu hapo sikubali kuhukumu biashara yoyote kabla haijazunguka kalenda yake yote ikiwa wazi. Yako haijazunguka hata mara moja bila kukatika.

Lakini nisikupambe. Kuna biashara zinazopaswa kufungwa, na kuzing'ang'ania ni kuwanyima watoto. Kenya walifanya utafiti mkubwa wa biashara ndogo mwaka 2016 kupitia ofisi yao ya taifa ya takwimu. Wakakuta biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa ndani ya miaka mitano, kwa wastani zikiwa na umri wa miaka 3.8, na sababu iliyotajwa na wengi kuliko nyingine ilikuwa kukosa fedha za kuziendesha. Yaani pesa ya unga wa kesho haipo. Na hiyo mara nyingi haiondoki kwa kishindo, inatoka kidogo kidogo kwenye kopo lilelile: vocha, dawa ya mtoto, mchango wa harusi, nauli.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari la 1,000. Kila jioni andika mambo matatu: umeuza kiasi gani, umetumia kiasi gani, umechukua kiasi gani kwa ajili ya nyumbani. Hilo la tatu ndilo watu huliruka, na ndilo linaloua. Jipangie posho yako ya siku, hata ikiwa 4,000, uichukue kama mshahara. Hela ya unga iwe kopo lake, ya nyumbani kopo lake. Maandazi ya watoto yaandike pia, kwa bei ya kuuzia. Ndani ya wiki tatu utaona mwenyewe kama biashara inakula mtaji au la, na hutahitaji kuniuliza.

Huo mkopo wa 13,000 kwa siku, tafadhali usiuchukue. Mtaani tunauita kausha damu na jina limefaa. Utapokea 300,000, utarudisha 390,000 kwa mwezi mmoja, na marejesho yanaanza kabla pesa haijafanya kazi yoyote. Tuseme faida yako ya siku ni 8,000. Kila siku unapungukiwa 5,000 ya kufikisha marejesho, na utaitoa kwenye hela ya unga. Siku 30 ni 150,000. Nusu ya mkopo imetumika kuulipa mkopo wenyewe, na faida yako ya mwezi mzima nayo imekwenda hukohuko. Mwezi wa pili utakopa wa pili kulipa wa kwanza. Nimewaona wanawake hodari, wenye chakula kizuri kuliko wote mtaani, wakipotelea hapo. Ukija kuhitaji mkopo kweli, kuna ule wa halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa 2024. Unataka kikundi na uvumilivu wa makaratasi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumwona. Na taasisi yoyote inayokopesha, omba kuona leseni yake, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wakopeshaji wawe nayo.

Wazo la mume wako la uwakala lina maana, usilikatae kwa hasira. Halina moshi wala mabaki. Ila linataka pesa mbili kwa wakati mmoja, taslimu mkononi na salio kwenye simu, na kamisheni inafuata wingi wa miamala. Mteja akija kutoa 200,000 ukawa huna, anakwenda kona inayofuata, na Ngamiani kona inayofuata ina wakala. Kwa mtaji wako wa sasa utamrudisha mtu kila baada ya saa moja. Kuna pia matapeli, na fedha nyumbani usiku. Mwonyeshe mume wako daftari baada ya mwezi mmoja, mkae nalo pamoja. Nadhani anachokiona sasa ni uchovu wako tu, kwa sababu hesabu hajaiona.

Kuhusu rafiki yako sina la kusema zaidi ya hili: umeona mlango wake wa pili, hujaona daftari lake.

Kwa hiyo, mpaka lini? Nakupa miezi sita kuanzia leo, ambayo baraza halifungwi siku za kazi, chai iko tayari saa 12 na nusu, andazi linapimwa kwa mizani au kwa kikombe kimoja, na mbaazi hazibadiliki. Hakuna bidhaa mpya ndani ya miezi hiyo. Kinachobaki hubaki kama somo la kesho: yakibaki maandazi kumi Jumatano mbili mfululizo, Jumatano ya tatu kanda pungufu. Kwa wateja wanaokula kwa mkopo, weka kiwango, na usikizidishe hata kwa shemeji. Mwisho wa miezi sita tazama kama mtaji wa unga umebaki mzima na kama zile sura za kudumu zimeongezeka. Zikiwa zimeongezeka hata kwa kumi, endelea, na hapo ndipo tuzungumze juisi. Kama mtaji umepungua licha ya hayo yote, au gereji na kituo cha bodaboda vinavyokulisha vimehamishwa, hama mahali au badilisha biashara, na usijione umeshindwa. Utakuwa umeondoka na daftari, jina zuri na mkono wa kupika, na hivyo vitatu vinahamishika.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Kama tayari umechukua mikopo mingine ambayo hukuitaja, nenda na karatasi zako zote kwa afisa biashara au ofisi ya mkoa ya SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ukae na mtu uso kwa uso. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya wazalishaji wadogo kama wewe. Mkopeshaji akitishia kubeba vitu vya ndani, usisaini karatasi tupu, na mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hajaingia. Na hilo la kutolala, likizidi wiki mbili hata baada ya kuanza kuandika hesabu, nenda kituo cha afya ukaeleze kama ulivyonieleza mimi.

Kwa leo, loweka mbaazi kilo moja na nusu badala ya moja, na uangalie saa ngapi zitaisha kesho. Andika hiyo saa kwenye ukurasa wa kwanza.